Wateja 340 kwenye programu, 112 mtaani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Mwanza, na zinagusa jambo moja: kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka Excel kwenda kwenye programu ya kusimamia wateja. Tumeanza na swali linalobeba mengine.

SWALI: *Habari za kazi. Natengeneza mabango, kadi za harusi na lebo za bidhaa hapa Kirumba. Tangu 2021 naandika wateja kwenye faili moja la Excel, kila mwezi na karatasi yake. Juzi nilizikusanya zote, nikapata mistari 340, nikaiingiza kwenye programu. Sasa inaniambia nina wateja 340, na mimi najua hawafiki 120, nikiwahesabu napata 112. Kuna mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni yumo mara tisa. Nimekosea wapi? — Mbunifu wa matangazo, Kirumba*

JIBU: Ndugu mbunifu, kuingiza umeingiza sawasawa. Tatizo lilikuwemo kwenye faili kabla hujaanza. Ile mistari 340 ni kazi ulizofanya, si watu. Kila yule mama alipokuja kuchapisha lebo uliandika upya jina lake, simu, kazi, bei na alicholipa. Ndani ya Excel haikukusumbua kwa sababu ukisoma unajua ni yeye yule. Programu haimjui. Kwake mstari mmoja ni mtu mmoja.

Chuja wateja kwa tarehe uliyowaingiza, uwafute wote, kisha urudi kwenye faili. Usijaribu kusafisha ndani ya programu, utakesha. Kuunganisha watu wawili wawili kwa kubofya, mara 228, ni kazi ya wiki nzima, na ukiunganisha vibaya mara nyingi huwezi kuwatenganisha tena.

Faili lako linatakiwa kugawanyika karatasi tatu. Ya kwanza ni Wateja: namba ya mteja (W001, W002 na kuendelea), jina, simu kuu, simu ya pili, mahali. Ya pili ni Kazi: namba ya kazi, namba ya mteja, maelezo, bei mliyokubaliana, tarehe ya kupokea, tarehe ya kukabidhi, hali. Ya tatu ni Malipo: namba ya kazi, tarehe, kiasi, njia ya malipo, namba ya muamala. Mteja mmoja ana kazi nyingi, na kazi moja inaweza kulipwa kwa mikupuo mitatu. Ukibana vyote kwenye mstari mmoja, lazima kimoja kijirudie au kipotee.

Kabla hujagusa chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina lingine. Halafu, unapokusanya zile karatasi za miezi, ongeza kolamu mbili: moja inayosema mstari umetoka karatasi gani, nyingine mstari wa ngapi. Zinaonekana za bure, lakini siku utakapokuta deni usilolielewa, ndizo zitakazokurudisha kwenye chanzo kwa dakika moja.

Sasa yule mama. Bila shaka kwako yumo kama "Mama Neema", "Mama Nema dagaa", "M. Neema Mwaloni" na "Neema lebo". Jina halitakuunganishia hayo. Kwetu mtu anaitwa kwa mtoto, kwa biashara au kwa mtaa, na anaandikwa jinsi ulivyomsikia siku hiyo. Kinachomtambulisha ni namba ya simu, kwa hiyo safisha namba kwanza (jibu linalofuata linaeleza jinsi), kisha uendelee hivi.

Ikiwa namba safi ziko kolamu D, andika pembeni =COUNTIF(D:D,D2) na uishushe mpaka chini. Kila inayotoa zaidi ya 1 inajirudia. Usibonyeze kitufe cha "Remove Duplicates" kwenye karatasi hii hata kama mkono unakuwasha, kwa sababu kitafuta kazi nane za Mama Neema na kubakiza moja. Nakili jina na namba safi tu kwenye karatasi mpya, uondoe zinazojirudia huko kwa kuweka alama kwenye kolamu ya namba peke yake, halafu uwape waliobaki W001 hadi mwisho. Mistari ambayo namba haikupatikana itenge kwanza uishughulikie kwa mkono, la sivyo yote itahesabiwa kuwa mtu mmoja asiye na simu.

Pitia orodha hiyo kwa macho yako mwenyewe. Simu moja inaweza kuwa ya watu wawili, kwa mfano simu ya mapokezi ya loji inayotumiwa na meneja na mwenye loji. Na mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili, ya kupiga na ya kutumia pesa. Hapo fomula haikusaidii, wewe ndiye unayewajua. Ukimaliza, rudisha namba ya mteja kwenye kila kazi kwa XLOOKUP inayotafuta kwa simu. Excel ya kabla ya 2021 haina fomula hiyo, kwa hiyo tumia INDEX pamoja na MATCH.

Kitu kimoja zaidi ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: rangi. Kama nyekundu ilimaanisha hajalipa na njano ilimaanisha bango liko mashineni, ujue faili la CSV (faili la maandishi matupu ambalo programu hizi hulisoma) halibebi rangi, wala halibebi vile vidokezo vilivyobandikwa kwenye kona ya kisanduku. Linabeba maandishi tu, tena ya karatasi iliyo wazi mbele yako, si faili zima. Chuja kwa rangi, andika neno kwenye kolamu ya Hali ("hajalipa", "mashineni", "imekabidhiwa"), ndipo uhifadhi kila karatasi kama CSV yake ukichagua aina ya UTF-8.

Ingiza Wateja kwanza, Kazi baadaye, Malipo mwisho, maana kazi haiwezi kumshika mteja ambaye hayupo. Na usianze na wote. Anza na mistari 10, uchague ile migumu kwa makusudi: mwenye laini mbili, aliyelipa kwa mikupuo, asiye na jina la pili, wa Nansio ambaye anwani yake umeandika "anashuka na meli". Ikipita hiyo, nyingine zitapita.

Andika kwenye karatasi namba tatu kabla ya kuhama: idadi ya wateja, idadi ya kazi, na jumla ya madeni. Baada ya kuhama zilinganishe. Idadi ya wateja ikipungua, kuna watu wamemezwa na wenzao. Jumla ya madeni ikizidi, kuna malipo ambayo hayakupata kazi yake.

SWALI: *Shikamooni. Mimi napiga picha za harusi na sendoff, niko Nyakato. Nilihifadhi wateja kama CSV, nilipoingiza kwenye programu ikasema zaidi ya wateja 60 wana simu moja, ikawaunganisha. Nikifungua faili naona 2.55754E+11 kila mahali. Kuna namba nyingine zimepoteza sifuri ya mwanzo. Nifanye nini? — Mpiga picha, Nyakato*

JIBU: Marahaba, mpiga picha. La kwanza: funga hilo faili la CSV na usilihifadhi tena. Tafuta faili la awali la Excel, lile la .xlsx. Kama lipo, namba zako ziko hai.

Kilichotokea ni hiki. Excel huichukulia simu kama hesabu. Ukiandika 0754 na kuendelea, inaona sifuri ya mwanzo haina thamani, inaitupa. Ukiandika kwa 255, namba inakuwa na tarakimu 12, na kisanduku cha kawaida hakionyeshi zaidi ya 11 kwa ukamilifu, kwa hiyo inaifupisha kuwa 2.55754E+11. Ndani ya .xlsx huo ni muonekano tu, namba kamili ipo chini yake. Lakini CSV huhifadhi kile kinachoonekana. Kwa hiyo iliandika 2.55754E+11 kama ilivyo, na programu ikaisoma kuwa 255754000000. Wateja wako wengi wa 0754 wakawa na namba hiyo hiyo. Programu haikukosea kuwaunganisha, maana iliona watu 60 wenye simu moja.

Namba iliyopoteza sifuri inarudishika. Namba iliyobaki E+11 ndani ya CSV hairudishiki kutoka humo, tarakimu sita za mwisho zimekwisha kupotea. Kama faili la awali halipo, zitafute kwenye simu yako au kwenye meseji za malipo.

Ukiwa kwenye .xlsx, fanya hivi. Namba zikiwa kolamu B, kwenye C2 weka:

=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),"-",""),"+","")

Hiyo inaondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha. Kolamu inayofuata weka =LEN(C2) uhesabu tarakimu. Namba ya Tanzania itatoa 9 (imepoteza sifuri), 10 (ina sifuri) au 12 (inaanza na 255). Jibu lolote lingine lishughulikie kwa mkono kabla ya kuendelea. Ukiona 11 au 13 wakati macho yako yanahesabu 10 au 12, kuna herufi isiyoonekana iliyokuja na namba uliponakili kutoka kwenye simu. Ifute na uichape upya. Ukiona 19 au 20, umeandika simu mbili kisanduku kimoja, ya bwana na ya bibi harusi.

Hapo ndipo uweke:

=IF(LEN(C2)=12,C2,"255"&RIGHT(C2,9))

Sehemu ya IF usiiache. Watu wengi huandika "255"&RIGHT peke yake, na kwa kanda yetu hiyo ni hatari. Mteja wa Kisumu anaanza na 254, wa Kampala 256, wa Kigali 250, na wote wana tarakimu tisa baada ya hapo, kama sisi. Fomula fupi itamgeuza wa Kampala kuwa Mtanzania bila kukupa onyo lolote, na utampigia mtu usiyemjua. Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, tumia nuktamkato.

Matokeo ya fomula hiyo ni maandishi, si hesabu, kwa hiyo yatahifadhiwa kwenye CSV bila kufupishwa. Yanakili, uyabandike kama thamani, ufute kolamu za kazi. Ukitaka kukagua CSV, ifungue kwa Notepad. Ukiibofya mara mbili itafunguka kwenye Excel, itaonyesha E+11, na ukiihifadhi umerudi ulikotoka.

Kama unatunza pia namba za NIDA za wateja, hapo kuna msiba mkubwa zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na Excel hushika 15 tu za namba moja. Tano za mwisho zinageuka sifuri papo hapo unapoichapa bila vistari, na hata .xlsx haina kumbukumbu yake. Suluhisho ni kuiweka kolamu katika hali ya "Text" kabla ya kuandika. Lakini tungekushauri usiibebe kabisa. Mpiga picha za harusi haihitaji, na tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Na usitengeneze kolamu ya "mtandao" kwa kuangalia 075 au 078. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile.

SWALI: *Nafasiri nyaraka za mashirika, naishi Malimbe. Nilipohamia kwenye programu kila shirika linaonekana linanidai au nalidai kiasi kidogo kidogo. Ankara ya 500,000 wamelipa 475,000, nyingine vivyo hivyo. Pia tarehe zimevurugika, kazi ya tarehe 5 Aprili inasomeka Mei. — Mfasiri, Malimbe*

JIBU: Ile 25,000 si deni. Ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, ambayo shirika linaikata na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Kwenye Excel ulikuwa unaandika "amelipa" na kuendelea na maisha, lakini programu inatoa 475,000 kwenye 500,000 na kukudai maelezo.

Usipunguze ankara iwe 475,000. Mapato yako ni 500,000. Ingiza malipo mawili dhidi ya ankara hiyo: 475,000 kwa njia ya benki, na 25,000 kwa njia uliyoiita "kodi ya zuio", ukiweka namba ya cheti cha zuio mahali pa namba ya muamala. Ankara itafungwa, na mwisho wa mwaka ukichuja njia hiyo unapata jumla ya kodi iliyokwisha kukatwa. Kama cheti hujapewa, kidai sasa, kwa sababu ndicho kitakachokutetea.

Kuhusu wale wanaoonekana wanakudai wewe, angalia kolamu ya fedha. Kisanduku kilichoandikwa "150,000/=" au "Tsh 150000" si hesabu, ni maneno, na SUM huyaruka kimya kimya. Linganisha =COUNT(F:F) na =COUNTA(F:F). Tofauti yake, ukitoa kichwa cha kolamu, ni idadi ya malipo ambayo Excel haijawahi kukujumlishia. Chagua kolamu hiyo peke yake, tafuta "/=" na "Tsh" na nafasi, uvibadilishe na kisicho kitu. Zile za "150k" ziandike upya kwa mkono.

Tarehe nazo zina mantiki yake. Kompyuta nyingi hapa zinauzwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 05/04/2025, inaelewa Mei 4. Ukiandika 25/04/2025, haipati mwezi wa 25, inaiacha kama maneno. Kwa hiyo faili lako lina makundi mawili: siku ya 1 hadi 12 zimegeuzwa, siku ya 13 na kuendelea ni maandishi yaliyoegemea kushoto mwa kisanduku. Yatenganishe kwa =ISNUMBER(A2). Zilizogeuzwa zirudishe kwa =DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)). Za maandishi, kama daima uliandika tarakimu mbili mbili, =DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)). Kisha kolamu nzima uipe muundo wa yyyy-mm-dd, hapo hakuna programu itakayobishana nawe.

SWALI: *Narekebisha kompyuta Igoma, nina wateja kama 20 wa kudumu. Na mimi nihamie? — Fundi, Igoma*

JIBU: Hapana, fundi. Gawa Excel yako karatasi tatu kama tulivyoeleza, inatosha. Fikiria kuhama siku utakapoajiri mtu wa pili anayehitaji kuandika faili hilo hilo, au utakapoanza kusahau kumfuatilia mteja aliyeomba profoma.

SWALI: *Programu ipi inafaa kwa mtu ambaye wateja wake hawana barua pepe? — Msomaji, Sengerema*

JIBU: Umeuliza swali ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa. HubSpot, ambayo ina kiwango cha bure, humtambua mtu kwa barua pepe wakati wa kuingiza. Mteja asiye nayo ataingia mara mbili ukiingiza faili mara mbili, hata kama simu ni ile ile. Wapo wanaojaribu kuikwepa kwa kumpa kila mteja barua pepe moja ya kubuni. Matokeo yake wateja wote wanakuwa mtu mmoja. Zoho CRM, ambayo ni bure hadi watumiaji watatu, inakuruhusu kuchagua simu iwe ndiyo ya kukagua wanaojirudia, na kwa mazingira yetu hilo ni jambo kubwa. Ila inadai jina la ukoo kwa lazima, kwa hiyo "Mama Neema" mwandike lote hapo, usimkate "Mama" upande mmoja na "Neema" upande mwingine.

Siku ya kwanza, kabla hujaingiza hata mteja mmoja wa kweli, andika wateja watatu wa majaribio, wape kazi, malipo na maelezo, kisha jaribu kuwatoa wote kama CSV. Programu inayotoa majina na simu lakini ikabaki na malipo na maelezo, achana nayo. Angalia pia kama inakubali shilingi bila senti, na kama kwenye simu unaweza kusoma namba ya mteja bando likiwa limeisha. Bei nyingi ni za dola, kwa mwezi, kwa kila mtumiaji. Zidisha kwa 12 kabla hujasema ni rahisi.

Na kwa kuwa taarifa za watu zinatoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye kompyuta za nje ya nchi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inagusa kila anayekusanya taarifa za watu, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ina masharti ya kujisajili na ya kusafirisha taarifa nje. Wapigie Tume wakueleze unaangukia wapi. Kinachokuhusu leo leo ni kutobeba usichokihitaji.

SWALI: *Nikishahama, faili la zamani nilifute? — Mbunifu wa matangazo, Kirumba*

JIBU: Usilifute, na usiendelee kuliandika. Anayeandika sehemu mbili "kwa usalama", mwezi mmoja baadaye ana madeni mawili tofauti ya mteja mmoja na hajui lipi la kweli. Chagua siku moja tulivu, mwanzoni mwa wiki isiyo na harusi. Kuanzia asubuhi hiyo kila kitu kipya kinaingia kwenye programu. Faili la zamani libadilishe jina liwe na tarehe ya siku hiyo, liweke la kusomwa tu, lipe nywila, nakala moja ibaki kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hiyo za 2021 zisiguswe kabla ya kuhesabu miaka hiyo. Na zile karatasi za miezi, usizipange upya ndani yake: ziache na rangi zake nyekundu na njano, kama zilivyokuwa siku ulipohama.